Chanda Chema na Pete Yake: Mwandishi wa Migori Mbele ya Waamuzi wa Taifa

Kila inapokaribia tarehe 3 Mei, ambayo ni Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani, waandishi wa habari wa Kenya huwa wamekwisha kuzipeleka kazi zao bora mbele ya waamuzi. Tangu mwaka 2012 Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya limekuwa likiandaa tuzo za kila mwaka za umahiri wa uandishi, na habari za uchunguzi ni miongoni mwa kazi zinazopimwa humo. Jirani zetu wa Tanzania nao wanazo tuzo za namna hiyo, zijulikanazo kwa jina la EJAT, ambazo zimeandaliwa kwa miaka mingi na Baraza la Habari la Tanzania pamoja na washirika wake. Mshindi husomwa jina ukumbini, hupigwa picha, na wazazi wake hupokea salamu za pongezi kutoka kwa watu ambao hawajapata kuwaona. Wazee wetu walisema chanda chema huvikwa pete, nasi hatuoni sababu ya kuibeza desturi hiyo.

Lakini pete ni jambo la mwisho. Wiki hii tumeona vyema tukitazame chanda chenyewe: mwandishi wa mbali na mji mkuu, anayefikiria kuishindanisha kazi yake ya uchunguzi katika mashindano ya taifa. Tumeichagua kaunti ya Migori, iliyo katika pembe ya kusini-magharibi mwa Kenya, baina ya mpaka wa Tanzania na Ziwa Victoria, pamoja na jirani yake Homa Bay. Ni mwendo mrefu kutoka kwetu Pwani, lakini hali ya mwandishi wa huko haina tofauti kubwa na ya mwenziwe wa Kwale, Kilifi, Tana River au Lamu. Naye ni mtu mmoja anayetazamiwa kuiandika kaunti nzima. Mara nyingi hana mshahara bali hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa; na anaowaandika ni watu anaokutana nao sokoni siku ya pili yake.

Tunayaandika haya tukiwakumbuka pia vijana wetu wanaosomea kazi hii, na wazazi wanaowalipia karo huku wakijiuliza kama wamewaweka watoto wao katika njia ya heshima au ya hatari. Jawabu letu ni kwamba wamewaweka katika zote mbili, na ni vyema kila moja ijulikane kwa sura yake.

Kazi inayostahili kushindanishwa

Mtu akiuliza mwandishi wa Migori aanzie wapi, jawabu liko chini ya miguu yake. Ardhi ya Nyatike ina dhahabu. Tangu enzi za ukoloni mahali paitwapo Macalder pamekuwa na mgodi, na hata baada ya kampuni kuondoka watu wa kawaida wameendelea kuchimba kwa sururu, kamba na ndoo. Mawe husagwa, unga wake husafishwa kwa maji, kisha hutiwa zebaki ili chembe za dhahabu zishikamane. Donge linalopatikana huchomwa motoni. Zebaki hutoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Kazi hiyo hufanywa mara nyingi kwa mikono mitupu, na wanawake ni wengi miongoni mwa wanaoifanya.

Zebaki ni sumu isiyo na papara. Hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na humfikia mtoto aliye tumboni. Ikiingia majini hupanda kutoka kwa vijidudu hadi kwa samaki, na kutoka kwa samaki hadi kwenye sahani. Dunia ililijua hilo kwa msiba wa Minamata, mji wa pwani ya Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu ukatambuliwa miongoni mwa familia za wavuvi. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki unaitwa kwa jina la mji huo. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoutia saini mwaka 2013, na mkataba ukaanza kutumika mwaka 2017. Mto Migori huungana na Mto Kuja, na maji yake huishia Ziwa Victoria, katika Nyatike hiyo hiyo yenye machimbo.

Hapo pana swali la uchunguzi lililo wazi: zebaki hiyo huingia nchini kwa njia gani, huuzwa na nani, na ni nani aliyepewa dhamana ya kuyapima maji? Na si hilo tu. Kuna mashamba ya tumbaku na deni linalomfunga mkulima kwa mnunuzi wake. Kuna wasichana wa Kuria, ambao ukeketaji umewaandama licha ya sheria ya mwaka 2011 kuuharamisha kabisa. Upande wa Homa Bay kuna wanawake wachuuzi wa samaki ambao baadhi yao hulazimishwa kuutoa mwili ili wapate samaki, mtindo uitwao jaboya katika fuo za ziwa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo habari ya siku moja. Kila moja inataka miezi, na ndipo ilipo tofauti baina ya taarifa na uchunguzi: taarifa humweleza msomaji lililotokea, uchunguzi humweleza lililofichwa na aliyelificha.

Faili kabla ya fomu

Wengi hudhani kushiriki mashindano ni kujaza fomu. Masharti ya kila mwaka hutolewa katika tangazo, na ni wajibu wa mshiriki kuyasoma neno kwa neno. Kwa kawaida kazi iwe imechapishwa au kutangazwa katika mwaka uliotangulia, na mwandishi awe ametambuliwa rasmi. Lakini fomu huthibitisha tu kwamba kazi ipo. Kinachomsimamisha mwandishi mbele ya waamuzi ni faili lake, na faili hilo huanza siku ya kwanza ya uchunguzi.

Humo mwawe na daftari lenye tarehe, mahali na jina la kila aliyehojiwa. Mwawe na nakala za hati, pamoja na maelezo ya namna zilivyopatikana. Kama ni habari ya zebaki, mwawe na matokeo ya vipimo vya maji kutoka maabara inayoaminika, pamoja na maelezo ya wapi na lini maji yalitekwa. Mazungumzo yaliyofanywa kwa Kidholuo au Kikuria yawekwe kwa lugha yake, na tafsiri iwe pembeni, ili mwamuzi asilazimike kumwamini mwandishi kwa neno lake tu. Watoto waliokutwa machimboni wasionyeshwe nyuso wala kutajwa majina. Anayeiumiza nafsi ya mtoto ili asifiwe kwa kumtetea mtoto amejipinga mwenyewe.

Humo pia mwawe na barua. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 ikaipa haki hiyo miguu ya kutembelea. Afisa aliyeandikiwa barua hutakiwa kujibu ndani ya siku 21, na kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Akikataa, mlalamikaji huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Haki hii si ya waandishi peke yao. Mzazi anayetaka kujua fedha za ukarabati wa shule zimekwenda wapi anaweza kuitumia vile vile. Lakini kwa mwandishi barua hiyo ina faida ya ziada: hata isipojibiwa, ukimya wenyewe ni ushahidi, maadamu ana nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Mwandishi aliyeliandaa faili namna hii amekwisha kupata faida ya mashindano hata kabla ya kushiriki. Akipelekwa mahakamani na aliyeudhika, ana la kusema. Akiulizwa na mhariri, hasiti. Na akifariki au akihama, mwenziwe anaweza kuendelea pale alipoishia.

Pete ya uongo

Kuna sababu ya waamuzi kuwa wakali. Mwaka 1981 gazeti la Washington Post la Marekani lilipata tuzo ya Pulitzer kwa habari ya mtoto wa miaka minane aliyedaiwa kuwa mtumwa wa heroini. Siku chache tu baadaye ikabainika kwamba mtoto huyo hakuwapo kabisa, na mwandishi, Janet Cooke, akairudisha tuzo. Mwaka 2018 yaliwafika Wajerumani: Claas Relotius wa jarida la Der Spiegel, aliyekuwa amesheheni tuzo, alifichuliwa kwamba alikuwa akibuni watu na maneno yao. Aliyemfichua ni mwandishi mwenziwe, Juan Moreno, ambaye alifunga safari kwenda kuthibitisha yale aliyoyatilia shaka, hali wakubwa wake wakiona kwamba anamwonea mwenziwe wivu.

Njia ya mwongo ni fupi, wasema wahenga, ingawa mwongo huyu aliitembea kwa miaka. Linalotusikitisha zaidi ni kwamba tuzo zenyewe zilimsaidia: kila alipovikwa pete mpya, ilizidi kuwa vigumu kumtilia shaka. Tamaa ya kushinda huweza kumfanya mtu atafute habari inayofanana na habari za ushindi, yenye mtoto wa kuliza watu, mkosaji asiye na hata chembe ya wema, na mwisho uliokamilika. Maisha ya watu wa Nyatike hayako hivyo. Mchimbaji anayeichafua maji ndiye baba anayewalisha watoto wake kwa kazi hiyo hiyo, na mwandishi mkweli huyaandika yote mawili.

Wasomaji wetu wanaijua amri iliyomo katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ya kuihakiki habari kabla ya kuitenda, isije ikawadhuru watu wasio na hatia. Mwandishi wa uchunguzi ameifanya amri hiyo kuwa kazi yake ya kila siku. Ajiulize basi nia yake kabla ya kuijaza fomu: je, habari hii angeiandika hata kama pasingekuwa na tuzo? Akijibu ndiyo, na ashiriki bila ya kuona haya.

Upande wa pili wa habari

Katika kanuni zote za uandishi kuna sharti moja lisilosamehewa: anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujibu kabla ya habari kutoka. Waamuzi hulitafuta sharti hilo, na kazi isiyolitimiza hudondoka. Msomaji aliye nyumbani huliona ni jambo jepesi, simu moja tu. Katika ardhi ya Migori na Homa Bay lilionekana kwa sura nyingine.

Mwezi Septemba 2018, Barrack Oduor, mwandishi wa shirika la Nation, alikuwa akifuatilia habari iliyomhusu msichana mmoja, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, na gavana wa Migori wa wakati huo, Okoth Obado. Kwa maelezo ya mwandishi huyo, aliutafuta upande wa gavana kupitia kwa msaidizi wake, na wakakubaliana kukutana katika hoteli moja mjini Rongo. Jioni ya tarehe 3 Septemba mwandishi na msichana huyo walitiwa ndani ya gari lililokuwa na watu wasiowajua. Njiani, mwandishi alipohisi kwamba mwisho wake umewadia, aliruka kutoka katika gari hilo likiwa katika mwendo, akaumia, akajikokota hadi akapata msaada. Msichana, aliyekuwa mja mzito wa miezi saba, hakuokoka. Mwili wake ulipatikana katika msitu wa Kodera, kaunti ya Homa Bay. Gavana na wengine walishtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu, nao wakakana mashtaka. Suala la hatia ni la mahakama, wala si letu.

Letu ni hili: mwandishi yule hakufikwa na hatari kwa kuvunja kanuni za kazi yake. Ilimfika pale alipokuwa akizitimiza. Alikwenda kuusikiliza upande wa pili.

Na msitu ule si mara yake ya kwanza kutajwa. Mwezi Januari 2009, Francis Nyaruri, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Weekly Citizen, alitoweka baada ya kuandika juu ya madai ya ubadhirifu katika ujenzi wa nyumba za polisi huko Nyamira. Majuma mawili baadaye mwili wake ulipatikana Kodera. Miaka mitatu ilikuwa imebaki kabla ya tuzo za Baraza kuanzishwa. Hakuna fomu aliyowahi kuijaza, na hakuna jopo lililowahi kuipa alama kazi yake.

Nani akilinde chanda

Tumefika sasa kwenye lile lililotusukuma kuandika. Mashindano huipima kazi iliyochapishwa. Hayawezi kuipima ile iliyokatishwa njiani, wala ile aliyoiacha mwandishi wa kijijini kwa sababu hakuwa na nauli, hakuwa na wakili, au alipigiwa simu usiku na sauti asiyoijua. Waamuzi hawana lawama katika hilo. Hakimu huhukumu yaliyoletwa mbele yake. Lakini jamii inayoishia kwenye kupiga makofi ukumbini imeshika pete na kukisahau chanda.

Basi kila mmoja ana fungu lake. Wenye magazeti na redio wanaofurahia jina lao kutajwa pamoja na la mshindi wawape waandishi wao wa mashinani mkataba, bima na wakili kabla ya kuwaomba habari za uchunguzi. Mwandishi asiende peke yake kumkabili anayetuhumiwa. Maswali yapelekwe kwa maandishi kutoka ofisi ya mhariri, ili anayekasirika ajue kwamba habari haiko mikononi mwa mtu mmoja. Mkutano ukiwa wa lazima, uwe mchana, mahali penye watu, na mwenziwe ajue saa ya kwenda na saa ya kurudi. Nakala za faili ziwe mahali pawili au patatu, kwa sababu habari inayojulikana na wengi haizimwi kwa kumzima mmoja.

Baraza nalo limepewa na sheria ya mwaka 2013 jukumu la kulinda uhuru wa waandishi na kusimamia maadili yao. Ukumbi uleule wa tuzo ni mahali pazuri pa kuuliza, mbele ya mawaziri na mabalozi waliohudhuria, kesi za waliouawa au kushambuliwa zimefikia wapi. Mahakama nayo imefungua mlango kwa upande wake: mwezi Februari 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfunga mtu jela kwa kosa la kumchafulia mwingine jina kunapingana na Katiba. Anayeona amesingiziwa bado anaweza kudai fidia.

Na sisi wa majumbani? Fungu letu si dogo. Tununue gazeti linalochunguza, na tusiitawanye kwa simu habari isiyo na mwenyewe. Mwandishi akibisha hodi kuuliza juu ya kisima, zahanati au ardhi ya wakfu, tumjibu kwa ukweli, hata kama ukweli huo unamgusa jamaa yetu. Na mtoto wa nyumbani akichagua kazi hii, tumuulize kila jioni alikuwa wapi na ni nani anayejua, kama tunavyomuuliza baharia kabla ya kutweka.

Kwa kijana wa Migori, wa Homa Bay au wa kwetu, ambaye ana kazi yake ya mwaka uliopita na hajui kama inafaa, shauri letu ni hili: aipeleke. Asijione mdogo kwa kuwa gazeti lake ni dogo au redio yake haisikiki ng'ambo ya mto. Kazi iliyofanywa machimboni Nyatike, yenye majina, tarehe, vipimo na upande wa pili uliosikilizwa, haiombi radhi mbele ya kazi ya Nairobi. Akishinda, jina la kijiji chake litasomwa mahali ambapo lilikuwa halijasikika, na afisa aliyeipuuza barua yake ya kwanza atafikiri mara mbili atakapoipokea ya pili. Asiposhinda, faili bado ni lake, na watu wa mtoni bado wanangoja kujua kilichomo ndani ya maji yao.